Nilidhani Nimefungwa

Jina langu Faki. Nimechuuza samaki kwa baskeli kutoka Tumbe hadi Konde tangu ndevu zangu nyeusi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuniona mgonjwa. Ndiyo maana ugonjwa ulipokuja niliutafutia jina jengine. Nayaandika haya kwa mwanamme ambaye mwili wake umeanza kumkatalia chumbani na yeye anaona haya kuuambia hata mto anaolalia. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini usifanye nilivyofanya mimi.

Nilikuwa na wake wawili. Riziki, mke wa ujana wangu, alikaa Konde. Time, niliyemwoa baadaye, alikaa kwao Tumbe. Siku mbili huku, siku mbili kule, ndiyo zamu, na barzani nilikuwa nikijisifu kwamba sijampunja mtu. Tulikuwa katika miaka ya vyama vingi. Jamaa zake Riziki walikuwa chama hiki na jamaa zake Time chama kile, na Pemba yetu wakati ule mtu wa chama hiki hakununua duka la mwenzake, hakupanda gari yake wala hakwenda kumzika. Kwa hivyo wake zangu hawakuamkiana hata njiani. Mimi nilikuwa wa huku nikiwa huku na wa kule nikiwa kule, nikala vizuri pande zote mbili.

Lazima niseme na hili mapema. Riziki nilikuwa nimeshamwacha mara mbili na kumrejea. Talaka ya kwanza ilitoka ujanani, kwa ugomvi wa harusini ambao hata chanzo chake nimekisahau. Ya pili ilitoka mwaka wa uchaguzi, kwa sababu alikwenda mkutano wa chama cha kaka zake nami nilikuwa nimemkataza. Mara zote mbili nilirudi kabla eda haijesha, nikiwa na kanga na uso wa haya. Ilibaki moja tu, na sisi sote wawili tulijua.

Ugonjwa ulianza msimu wa karafuu, katika zamu ya Konde. Nia ilikuwepo, mke alikuwepo, mwili ukakaa kimya. Riziki akaniuliza kwa upole kama naumwa. Mimi, kwa kiburi changu, nikamjibu:

"Siumwi. N'natoka kwa mwenzio, nimechoka."

Akageuka upande wa pili. Siku mbili baadaye nikamwambia Time maneno yale yale, kwamba bi mkubwa hakuniacha kulala. Basi nikawa nimepata dawa yangu: kila mmoja aliamini anayekula ni mwenziwe. Na kwa kuwa hawakusemeshana, wala jamaa zao hawakusemeshana, hapakuwa na wa kuuvua uongo wangu nguo.

Riziki akaanza kunitilia mchuzi chumvi ya makusudi. Time alinitupia kofia uani, kuku wakaikanyaga. Nakiri kuwa wivu wao niliufurahia. Nilikuwa mwanamme asiyeweza kitu, na wanawake wawili wananigombea!

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu wivu ukanihamia mimi. Nilimwonea wivu kila kiumbe mwenye uzima. Rafiki yangu mmoja barzani mkewe alipata mimba ya saba. Sikumpa mkono wa pongezi mpaka mwezi ukapita. Vijana walioruka kutoka kwenye gari kabla haijasimama niliwatazama kama walioniibia. Hata jogoo la Time sikulipenda. Lilikuwa likifukuza mitetea mbele yangu, mchana kweupe, bila ya adabu, nami siku moja nikalitupia kiatu.

Mwili nao ulikuwa ukisema mengine, nami sikuusikiliza. Nikipanda kilima na tenga la samaki nyuma ya baskeli, muundi wa mguu wa kulia ulikaza ukauma hata nikashuka. Nikisimama kidogo, maumivu yanaondoka. Nikianza tena, yanarudi. Vinyweleo vya miguuni vilipukutika, ngozi ikawa inang'aa. Nyayo zilikuwa baridi hata jua la kaskazi. Nilikunywa maji bila ya kukata kiu, na choo nilikijua kuliko kitanda. Nikawasha sigara nyengine, nikasema ni uzee.

Dukani walikuwa wakiuza tembe za nguvu kwa kificho. Nikanunua moja, nikaimeza saa za alasiri. Moyo ulinienda mbio, kichwa kikagonga, nikajishika kwenye nguzo ya nyumba mpaka magharibi. Kulikokusudiwa hakukuwa na habari.

Hapo ndipo nilipovuka kwenda Kojani, kwa mganga niliyeelekezwa. Alikuwa mtu wa makamo, fulana safi, simu yake ya mkononi kaiweka kando ya kitabu. Alinishika kiganja, akasoma, akaniuliza:

"Una wake wangapi weye?"

"Wawili."

"Basi kufungwa. Mmoja kakufunga usiende kwa mwenziwe, na fundo likakaza hata kwake mwenyewe. Nenda ukatafute. Chochote cha mwilini mwako kilichotiwa mafundo. Lakini usikifungue! Niletee mie."

Nilirudi nimefurahi, na furaha ile sasa nikiikumbuka naona aibu. Kufungwa ni jambo ambalo mwanamme anaweza kulisema. Kufungwa maana yake unapendwa mpaka umechawiwa. Ilibaki kujua ni yupi, na katika moyo wangu nilikuwa nimeshamchagua.

Nilimchagua Riziki kwa sababu moja. Wiki mbili kabla ya hapo, nikiwa sokoni Konde, nilimwona akishuka kwenye gari ya Wete. Hakuniaga kuwa anakwenda Wete. Aliyemshukia nyuma, akampokea na kikapu, alikuwa Mwalimu Makame, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita. Riziki alimwambia neno, akacheka. Miezi mingapi mimi sikukiona kicheko kile!

"Wete umefuata nini?" nilimuuliza pale pale, mbele ya watu.

"Haja zangu."

"Na huyu ni katika haja zako?"

Mwalimu Makame alisema, "Faki, yakhe, mie nimempokea kikapu tu," lakini mimi nilikuwa nimeshapaza sauti. Wauza ndizi waligeuka. Nikasema maneno siwezi kuyaandika, nikawafunga wawili wale pamoja midomoni mwa watu. Kabla ya siku ile hakuna hata mmoja katika Konde aliyewahi kuwafikiria hivyo.

Sasa niliporudi kutoka Kojani, nikaingia chumbani kwa Riziki yeye akiwa uani anakuna nazi. Nikapekua. Chini ya godoro, upande wake, nikakuta kikoi changu cha zamani kimeviringwa, kimefungwa mafundo matatu, na ndani mna kitu kigumu. Sikuthubutu kukifungua. Nikakitia ndani ya shati, nikatoka uani.

"Riziki, nimekuacha."

Mkono wake uliendelea kidogo juu ya mbuzi ya nazi, kisha ukasita.

"Kwa kosa gani?"

"Kosa unalijua. Nenda kwa huyo mwalimu wako."

"Faki," alisema, "hii ya tatu."

"Naijua ya ngapi."

Aliinuka, akanawa mikono. Kisha akaivuta kanga yake mabegani, akajitanda kichwa, akaficha nywele na shingo, akanigeuzia uso pembeni. Miaka thelathini nimezijua nywele zile zilivyoanza kuwa nyeupe moja moja, na sasa ananifichia, kwa kuwa tangu neno lile lilipotoka mimi nilikuwa mwanamme wa kando. Nikaondoka kwa haraka ili nisione zaidi.

Kesho yake nilikuwa Kojani. Mganga alikipokea kikoi, akasoma, akafungua fundo la kwanza, la pili na la tatu. Ndani mlikuwa na kichupa cha plastiki chenye kifuniko, kitupu, na karatasi iliyokunjwa. Aliifungua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma. Kisha akaisoma tena.

"Hini ya spitali," alisema. "Jina lako hili. Wasema uende asubuhi, usile kitu, uchukue mkojo kwenye kichupa hichi. Wataka kukupima sukari." Akanirudishia vitu vyote, hata sadaka yangu akanirudishia. "Mie hapa sina kazi, mzee. Mwenye kukifunga kitu hichi alikuwa akikutafutia uzima."

Sikumbuki nilivukaje kurudi. Nakumbuka nilikaa mbele ya Time, nikaiweka karatasi juu ya mkeka, naye akaiangalia akaanza kulia. Yeye ndiye aliyeniambia yote.

Mwaka ule wakubwa wa vyama walikuwa wameanza kupatana, na watu wakaanza tena kuzikana. Kulikuwa na msiba hapo Tumbe, na Riziki akaja pamoja na kaka zake. Wake zangu walikutana jikoni, kwenye masufuria ya msiba, baada ya miaka yote ile.

"Nilikuwa nimepania kumrarua," Time alisema. "Nikamwambia, weye Bi Riziki mume humpi hata pumzi, akija kwangu kaja maiti. Akanitazama hivi, akanambia, mwanangu, miye sijamwona tangu karafuu za mwaka juzi. Hanijii. Kwani kwako yupo? Nikamwambia hayupo. Tukakaa chini pale pale kwenye majivu, tukacheka, kisha tukalia. Akasema, basi huyu anaumwa. Ntakwenda miye kumuulizia, weye mdogo, utaona haya."

Hivyo ndivyo alivyokwenda Wete. Alikuwa anasubiri siku nzuri ya kuniambia, siku ambayo sitafoka. Siku hiyo haikupatikana katika nyumba yangu.

Hospitali nilikwenda na Time. Benchi la kungojea lilikuwa refu, limejaa watu wa sukari na presha, na nusu yao walinijua kwa samaki. Kila aliyeniuliza naumwa nini nilimwambia mguu. Muuguzi alikuja na orodha, akaita majina kwa sauti ya kuadhini, lilipofika langu alinikaribia, akaniambia kwa kunong'ona, "Mzee wangu, ingia." Kwa rehema ile ndogo ninamwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa kijana, Mpemba mwenzetu. Alinipima sukari, ikawa juu sana. Presha, nayo juu. Akanishika miguu, akatafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu, akayakosa mguu wa kulia. Mimi si mtu wa kusimulia mambo ya kitabibu, ila maneno yake nimeyahifadhi, maana yalinitoa ujinga.

"Mzee Faki, ndani ya kila mshipa wa damu mna utando laini, mwembamba kabisa. Utando huo ndio unaouamuru mshipa ulegee. Mwanamme anapokuwa na mkewe, utando unatoa amri, mishipa ya huko inalegea na kupanuka, damu inaingia kwa wingi, inakaa. Wako umechubuliwa na sukari, presha na sigara. Hautoi amri. Mshipa umekaza, na damu haipiti inavyotakiwa."

"Kwa hivyo sikufungwa na mtu?"

"Hukufungwa. Na mishipa ya huko ni myembamba, ndiyo iliyoanza kulalamika. Mguu ukafuata. Tungekaa, ingefuata ya moyo. Yule mkeo aliyekuja mwanzo alilia hapo ulipokaa, akasema yeye hataki kitu kwako, ataka uwe hai tu."

Unajua nilihisi nini? Wivu. Nilimwonea wivu kijana yule kwa kuwa ameyaona machozi ya Riziki, nami nilikuwa sijayaona.

Nilikwenda kwa shehe kuuliza kama ile talaka inaweza kutenguka. Aliniuliza kama nilikuwa na akili zangu nilipoitamka. Nikasema nilikuwa na wivu.

"Wivu si wazimu," alisema. "Imepita. Si halali kwako mpaka aolewe na mwengine, ndoa ya kweli, kisha aachwe au afiwe. Wala usiende kupanga na mtu, ni haramu."

Nilimsikia vizuri sana, na wiki ile ile nikaenda kupanga. Nikamwendea Mwalimu Makame. Nilianza kwa kumtaka radhi kwa yale ya sokoni, naye akanisamehe. Kisha nikamwambia: eda ya Riziki ikisha, amwoe, akae naye siku chache, amwache, nimrejee. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mpole, amenizidi umri, anatembea na mkongojo. Nilimpima kwa macho nikamwona hana hatari.

Mwalimu aliniacha nimalize. "Faki," alisema, "Bi Riziki si jamvi la kukodi. Mie nikioa, nimeoa." Akaniletea kahawa, nikaondoka bila ya kuinywa.

Kuanzia hapo nahesabu siku kwa kliniki. Kliniki ya kwanza, masika: nimepewa dawa za sukari na za presha, nimeambiwa niache sigara. Ya pili, mvua bado: sijaacha. Ya tatu: nimeacha, nimegombana na kila mtu Tumbe. Halua sili, chai nanywa bila ya sukari, na Time ananipimia wali kwa upawa mmoja huku akinitazama mikono. Daktari aliniamuru nitembee mpaka mguu uume, nipumzike, nitembee tena, kila siku. Mwanzo niliweza kutoka nyumbani hadi msikitini. Ilipofika vuli niliweza kwenda mpaka dikoni, mashua zinakofikia, na kurudi bila ya kusimama. Vinyweleo havikurudi, lakini nyayo zikapata joto kidogo.

Binti yangu, Zuwena, mtoto wa Riziki, hakunisemesha miezi yote ya eda ya mamake. Alikuwa akileta dawa kutoka Wete, anaziweka kizingitini, anabisha mlango, anaondoka. Siku eda ilipokwisha aliingia ndani kwa mara ya kwanza.

"Baba, mama kaposwa."

"Na nani?"

"Weye wamjua. Si ndo uliyempeleka kwake?"

Harusi ilikuwa ndogo, baada ya sala ya alasiri. Nilijifanya nina samaki wa kupeleka, nikapita na baskeli mbele ya nyumba ile mara tatu, tenga tupu. Harufu ya pilau niliijua, ni Riziki mwenyewe aliyeipika. Siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikitafuta dalili kwamba ndoa ile ni ya huruma tu. Nilimwona Mwalimu sokoni akichagua samaki wa changu, akiuliza yupi mwenye mafuta, maana Riziki apenda kichwa chenye mafuta. Jambo hilo nilidhani nalijua mimi peke yangu.

Mwaka ukageuka. Sukari ilishuka ikakaa mahala pake, presha ikatulia. Daktari aliupima moyo wangu, akaridhika, ndipo akaniandikia tembe, si zile za kificho, akanieleza zinavyoliwa na akanionya nisizichanganye na dawa yoyote ya maumivu ya kifua bila ya kumuuliza. Alisema zinausaidia ule mshipa kulegea pale utando unaposhindwa. Nilikaa nazo wiki mbili kwa woga.

Basi ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha, mlango tumeurudisha. Time hakuniharakisha. Mwili ulirudi. Haukurudi wa kijana, lakini ulirudi, na sisi wawili tukalia kama watoto. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Time kwa subira yake. Kisha nikageukia ukuta, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetamani kumpa habari ile alikuwa mke wa mtu.

Time alinijua. Alikaa kitandani akajifunga kanga, uso umekunjamana kwa wivu, na ulikuwa wivu wa haki.

"Wamfikiria."

"Ndiyo," nilisema. Nilikuwa nimechoka kudanganya wanawake.

Asubuhi yake alivaa buibui bila ya kuniambia kitu, akapanda gari ya Konde. Nilifanya usafi wa tenga ambalo lilikuwa safi. Aliporudi ilikuwa adhuhuri, nikamkuta mlangoni kabla hajavua viatu.

"Nimemwambia," alisema. "Nimeona ni haki yake, yeye ndo alokutafutia dawa, mie nimekula tu."

"Kasemaje?"

"Kasema alhamdulillahi. Kanishika mikono yote miwili. Akataka kusema jengine, basi mumewe kamwita ndani, kenda."

Nilijua kuwa haifai kuuliza, nikauliza.

"Alipoitwa, alikwenda polepole au mbio?"

Time alivua buibui, akalitundika.

"Mbio," alisema.